Nta Kwenye Bolti ya Sampo

Fundi alikuwa amelala chali chini ya gari langu. Alifungua bolti ya sampo, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, oili ikamwagika kwenye beseni ikiwa bado ya moto, naye bila kutazama akanyoosha mkono na kuiweka ile bolti juu ya kitu cha kwanza alichokigusa. Kilikuwa kipande cha nta nilichokishusha kwenye buti ili jeki isielemewe. Bolti haikutulia pale ilipowekwa. Ilijichimbia kitanda chake taratibu, nta ikawa maji pembeni yake, na harufu ikapanda: oili iliyochoka na nta, pamoja.

"Samahani, dada, nimekuharibia mzigo," alisema alipotoka chini ya gari.

Nilibaki naikodolea macho ile nta. Alidhani nimekasirika, masikini, akaanza kuifuta ile nta kwa tambara na kunieleza kwamba oili hutolewa ikiwa na moto ili itoke yote na uchafu wake. Nilimsikia kwa mbali. Biashara yangu ni asali na nta, nazinunua vijijini na kuzileta mjini Tabora, na nta nimeiona ikiyeyuka kwenye sufuria tangu niko shule ya msingi. Bolti ya gari nayo nimeijua tangu kabla sijajua kusoma. Ila vitu viwili hivyo sikuwa nimeviona vikigusana tena tangu utoto wangu, na vilipogusana nikajikuta nimekaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa karibu.

Baba yangu alikuwa fundi magari, na gereji yake ilikuwa uani kwetu Gongoni. Ukisema gereji watu hufikiria mabati na ubao wa rangi. Ya kwetu ilikuwa ua uliozungushiwa mapipa yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na ardhi nyeusi inayoteleza ambayo haikuota hata magugu. Mama alikuwa akilalamika kwamba nguo zetu hazitakati kamwe, kisha analalamika zaidi wateja wakikosekana. "Afadhali uchafu wa kazi," alikuwa akisema, "kuliko usafi wa njaa." Baba anacheka, anaomba chai.

Alikuwa na utaratibu wake mmoja ambao mafundi wenzake waliutania mjini kote. Gari likimwagwa oili na kufungwa upya, halikuruhusiwa kutoka siku hiyo. Lililazwa uani, chini yake kikitandazwa kipande cha boksi safi, na asubuhi boksi likivutwa linasomwa. Likiwa na tone, hata dogo kama punje ya ulezi, bolti inafunguliwa upya, washa ya shaba, kile kipete kinachokaa chini ya bolti, inabadilishwa, meno ya bolti yanasafishwa kwa brashi, na gari linalala tena. Likiwa kavu, mwenyewe anaitwa. "Gari lililolala kavu ndilo linalosafiri," alisema Baba. Wateja wenye haraka walimkimbia, lakini waliorudi walirudi miaka yote, na madereva wa kwenda Urambo na Kaliua walimwita Fundi Boksi, jina ambalo alijifanya halipendi.

Boksi hilo nilikuwa nalisoma mimi. Nilikuwa mtoto wao wa pekee, naamka mapema kuliko wote, na kabla ya kunawa uso nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye vumbi kulivuta. Sijui ni lini nilianza kuamini kwamba boksi lile linasema zaidi ya mambo ya gari. Nakumbuka asubuhi moja lilikuwa na tone, na siku hiyo nikachapwa shuleni. Nyingine lilikuwa kavu, na Mama akapika wali. Basi, kwangu ikawa kavu ni heri na tone ni shari. Hata siku ambazo hapakuwa na gari la mteja nilitandika boksi chini ya gari letu wenyewe, kuukuu lenye siti ya nyuma iliyoshonwa kwa turubai, ili nijue siku itakuwaje. Baba aliona ninaipenda kazi yake. Alifurahi, sikuwahi kumsahihisha.

Upande wa Mama ni watu wa Ulyankulu, wenye asili ya Burundi, wakulima na wafuga nyuki. Babu, baba yake Mama, alikuwa na mizinga mingi porini, na mikono yake ilinuka nta hata baada ya kuoga. Kila kitu kilichovuja kwenye mji ule kilizibwa kwa nta. Ndoo iliyotoboka, kinu kilichopasuka, ngoma ya kanisani, mpini uliolegea kwenye jembe: Babu anachukua donge, analifinyanga kwenye viganja mpaka lilainike, anapaka, anasema, "Ego, imekwisha." Ego kwao ni ndiyo. Nilimpenda sana mzee yule. Alinitafunisha masega, akaniambia nisimeze nta, nikameza, na akacheka mpaka machozi.

Safari ninayoikumbuka tulikwenda kumsalimia kabla Mama hajajifungua. Tumbo lilikuwa kubwa tayari, na Bibi, ambaye miguu yake ilikuwa mibovu na hakuweza kupanda gari tena, alikuwa ametuma salamu mara nyingi kwamba anataka kumwona binti yake. Tukaenda. Karibu kabisa na kwa Babu, kwenye njia ya kuingilia shambani, kisiki kilichofichwa na majani kiligonga sampo kwa chini. Ulikuwa mlio mdogo tu. Baba alizima gari papo hapo, akaingia chini, na alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Kisiki kilikuwa kimeipiga bolti kwa ubavu: washa imepasuka, meno yameliwa, na oili inatoka kama ushanga. Tulilisukuma mpaka uani kwa Babu.

Baba hakuwa na washa nyingine. Hakuwa na tepu wala silikoni, na bolti ya aina ile huko isingepatikana hata kwa dua. Alipiga simu mjini akiwa amesimama juu ya kichuguu, ndipo mtandao ulipokuwa unashika, akaagiza bolti na washa viletwe na bodaboda kesho yake. Halafu Babu akaja na donge lake.

"Mkwe, jaribu hii," alisema.

"Mzee, hii ni injini. Ikipata moto itayeyuka."

"Si haliendi popote? Liache lishike mpaka bolti yako ije. Oili isimalizike kwenye vumbi langu, kuku wangu wataiparua."

Walicheka wote wawili. Baba akaona ni kweli, gari litasimama tu. Baba aliifungua, oili iliyobaki ikatiririkia kwenye beseni, nami nikamshikia ile bolti. Aliizungushia uzi wa katani kwenye meno, Babu akaupaka nta iliyolainika, akaikandamiza kwa kidole gumba kama anayeziba mlango wa mzinga, na Baba akaikaza kwa spana polepole. Babu akaenda kwenye mizinga yake. Mimi Bibi akaniita kumenya viazi, na yaliyofanyika garini baada ya hapo sikuyaona. Jioni nilitandika boksi, kama kawaida.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya Mama. Haikuwa kelele. Alikuwa anaita jina la Baba kwa sauti ya chini, anarudia, na Bibi anasema, "Mana yanje, Mana yanje," Mungu wangu. Kulikuwa na damu kwenye kitenge, na kwenye mkeka. Wakati wao wanahangaika ndani, mimi nilikimbilia uani, nikapiga magoti, nikavuta boksi.

Lilikuwa kavu. Hakuna hata alama.

Siwezi kueleza faraja niliyoipata. Nilirudi nikamshika Baba mkono, nikamwambia, "Baba, limelala kavu." Yeye alinitazama kama asiyenifahamu, kisha akatazama gari, kisha akamtazama Babu.

"Bodaboda wa bolti yuko wapi?" Babu aliuliza.

"Hajatoka mjini. Anasema atafika mchana."

"Mchana mtoto wangu hatakuwepo. Nenda. Nta yangu inashika mzinga mvua na jua. Nenda, mkwe!"

Mpaka leo sijui kama mtu mwingine angefanya vinginevyo. Kwa Babu hapakuwa na gari jingine, na zahanati ya karibu ilikuwa imeshamwambia Mama kwamba yeye ni wa kujifungulia hospitali kubwa, Kitete. Tulimlaza kwenye siti ya turubai, kichwa kwenye mapaja yangu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuniteremsha. Baba aliendesha taratibu. Tulipotembea kidogo alisimama, akaingia chini, akatoka. "Inashika," alisema, na nikamwona anapumua. Mama akasema, "Usisimame tena, baba watoto. Usisimame." Hakusimama tena.

Mama aliniuliza kama nina njaa. Nikasema hapana. Nikamwambia asiogope kwa sababu boksi lilikuwa kavu, naye akatabasamu kidogo. Jasho lake lilikuwa baridi kwenye mikono yangu. Nilihesabu miti ya miombo inayopita dirishani kisha nikachoka kuhesabu, nikawa nazitazama kope zake.

Halafu injini ikaanza kugonga. Kama mtu anayepiga sufuria kwa mwiko, ndani kabisa, kwanza polepole. Taa ya oili kwenye dashibodi ilikufa zamani, Baba alikuwa akisema masikio yake ndiyo taa. Masikio yalimwambia, lakini yalichelewa. Injini ilinoki, ikagoma kabisa, gari likaserereka lenyewe na kusimama katikati ya barabara ya vumbi, na porini kukawa kimya.

Baba aliingia chini. Nilichungulia kwa mlango uliokuwa wazi, nikamwona amelala pale, mkono mmoja juu. Alipitisha kidole mahali fulani, akakileta puani, akanusa. Alibaki vile muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Kisha akakifuta kidole kwenye mchanga, akakifuta tena na tena, na kutoka. Nami niliinama nikatazama ardhi chini ya injini. Ilikuwa kavu. Hakuna tone.

Ilipita pikipiki baada ya muda, na nyuma yake mzee wa baiskeli ya mkaa. Mama aliwekwa kati ya dereva wa pikipiki na Baba, amefungwa kwa kitenge mgongoni kwa yule dereva asianguke. Mzee wa mkaa alisema atakaa na mimi. Alikaa. Alinipa kiazi cha kuchoma, na alipoona sili alikikata vipande vidogo na kunilisha kama mtoto mchanga, bila kuniuliza kitu, mpaka mtu wa kwa Babu alipofika kunichukua.

Mama alifika Kitete akiwa hai. Walimhangaikia wote waliokuwepo, lakini damu ilikuwa imemtoka mno njiani. Hakurudi yeye, wala mdogo wangu.

Kwa watu wa upande wa Mama, tanga halianuliwi mpaka mume wa marehemu asimame mbele ya wakwe na kueleza kifo kilivyokuja, toka mwanzo, na yeyote ana haki ya kuuliza. Msiba ulikuwa kwetu Gongoni. Mapema siku ile walikuwa wameshakubaliana kwamba mimi nitakwenda kuishi Ulyankulu, kwa kuwa nyumbani kwetu hakukubaki mwanamke, na mabegi yangu yalikuwa mlangoni. Nilikaa kwenye mkeka karibu na Babu, nimeshika kidole chake. Baba alisimama. Alieleza kisiki, damu, njia. Alipofika kwenye injini, Babu akanyanyua mkono. Alikuwa amezeeka ghafla tangu mazishi.

"Mkwe. Nina moja tu. Ile nta. Ilishika?"

Watu wengi pale hawakuelewa swali. Mimi nililielewa, kwa sababu kidole nilichokishika kilikuwa kinatetemeka.

Baba alimtazama moja kwa moja usoni. "Ilishika, baba," alisema. "Bolti haikusogea. Kosa ni langu. Nilifunga ile bolti, nikasahau kurudishia oili. Nimeliendesha gari kavu."

Uani kulizuka mnong'ono. Mjomba mmoja wa Mama alisimama kwa hasira akavutwa kukaa. Mzee mwingine alisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini alisema kwa kutazama pembeni. Kidole cha Babu kiliacha kutetemeka. Kisha akasema, "Fundi!" Neno moja hilo tu, kwa namna ambayo ningeomba nisilisikie tena.

Nami niliamini. Kwa nini nisiamini? Ardhi chini ya gari ilikuwa kavu, nimeiona kwa macho yangu, na gari lisilo na oili lingedondosha nini? Hata boksi la asubuhi likapata maana mpya: lilikuwa kavu kwa sababu hapakuwa na cha kuvuja. Akili ya mtoto ikishapata kamba hufunga kila kitu nayo. Mwanamume aliyelaza magari ya watu kwenye boksi alikuwa amesahau oili siku ambayo Mama yangu alikuwa ndani, na mimi nilichukua mabegi yangu nikaondoka na Babu bila kugeuka.

Mji wa Tabora ni mdogo kwa habari kama hiyo. "Mganga hajigangi," walisema wenye huruma. Wasio na huruma walisema fundi anayesahau oili ni sawa na mkunga anayesahau mtoto. Wateja waliisha mmoja mmoja, hata wale wa miaka yote. Baba aliuza jeki, akauza spana kubwa, akahamia kwenye baiskeli, na amekuwa fundi baiskeli mpaka leo. Alikuja Ulyankulu kila shule zikifungwa, na sukari na sabuni na daftari zangu. Babu alizipokea bila kumpa mkono. Mimi nilikuwa nikimsalimia shikamoo kwa mbali, kisha naingia jikoni kwa Bibi mpaka aondoke. Nilimkasirikia kwa moyo wote, na sikuwa peke yangu. Mji mzima ulinisaidia.

Kwa Babu nilikua vizuri, lazima niseme. Alinifundisha kupanda kwenye mzinga, kutuliza nyuki kwa moshi, kukamua asali, kuchemsha masega na kuchuja nta kwenye gunia. Alizeeka kwa amani. Wageni wakija bado aliwaonyesha ndoo zake zilizozibwa, akiwaambia nta hii haijawahi kumwangusha mtu. Bibi alitangulia, na Babu akamfuata akiwa usingizini, mikono yake ikinuka vilevile, na nikalia kama niliyefiwa na baba.

Ndiyo maana siku ile ya yule fundi, nikiwa nimekaa juu ya tairi na nta imeshayeyuka kwa moto wa bolti, nilikiona tena kidole ambacho Baba alikinusa chini ya gari. Nilisubiri afunge bolti, nikalipa, nikaenda moja kwa moja Gongoni.

Baba alikuwa mbele ya nyumba, baiskeli ya mtu imepinduliwa matairi juu. Nywele zake zote ni nyeupe siku hizi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Mbona saa hizi? Kwema?"

"Kwema." Nilibaki nimesimama. "Baba, siku ile ya Mama. Oili uliirudishia?"

Hakuinua kichwa. Alilizungusha gurudumu, akalitazama linavyoyumba, akakaza spoku moja.

"Niliirudishia," alisema. "Jioni ile ile, wewe ukiwa jikoni. Galoni nzima niliyokuwa nayo."

"Na nta?"

"Iliyeyuka. Bolti ikajilegeza, ikadondoka huko nyuma, na oili yote ikabaki barabarani. Nilijua kabla sijatoka chini ya gari."

"Kwa nini ulimwambia Babu ilishika?"

"Wewe ulikuwa umekaa pembeni yake. Hukumwona? Yule mzee alikuwa anauliza kama amemuua mtoto wake. Ningemjibu nini?"

Hasira ilinipanda, na sikuweza kuizuia. Nilimwambia Babu amekufa na amani yake, vizuri, lakini mimi nilikuwa hai. Nilikuwa mwanawe. Nilimwambia nilikuwa nikijificha jikoni nikisubiri aondoke, na yeye anajua, na angeweza kuninong'oneza hata neno moja mlangoni pa jiko. Nilimwambia amenipora baba. Nililia mtaani mbele ya watu, mwanamke mzima na gari lake.

Baba aliliacha gurudumu. Alijifuta mikono kwenye suruali, kidole kimoja kimoja, mpaka nilipomaliza.

"Mama," alisema, "wewe ulikuwa unakwenda kuishi kwake. Nilitaka ufike kwa mtu unayeweza kumpenda."